Kuandika Kichina Bila Kulipia: Majibu kwa Wazazi na Wanafunzi

Binti yangu ana miaka minane. Aanze na programu gani ya bure?

Aanze na penseli na daftari la hesabu lenye miraba. Herufi ya Kichina, iwe na mistari miwili au ishirini, hukaa ndani ya mraba wa ukubwa uleule. Kisha mfungulie Hanzi Writer kwenye intaneti. Humwonyesha herufi ikiandikwa mstari baada ya mstari, halafu humwachia aifuatishe kwa kidole. Akikosea mfuatano, mstari wake haukubaliwi.

Mfuatano una kazi gani, mradi herufi inasomeka?

Tazama 口, yaani mdomo. Asiyeelekezwa huchora mistari minne. Iliyo sahihi ina mitatu, kwa sababu upande wa juu na wa kulia huandikwa kwa mkupuo mmoja. Katika 国, nchi, boksi hufungwa mwishoni kabisa, baada ya kilichomo ndani. Mkono uliozoea utaratibu huo huikumbuka herufi hata akili inaposita.

Herufi ni maelfu! Atazikariri zote?

Hapana, na ninasikitika kila nionapo mtoto akipewa orodha ndefu akariri kikasuku. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, lakini zinazotumika sana ni 3,500, na nyingi zimeundwa kwa vipande vinavyojirudia. Chukua 青, kinachosomwa qing. Kiwekee kipande cha maji upate 清, safi. Kiwekee jua: 晴, anga lisilo na mawingu. Moyo: 情, hisia. Usemi: 请, kuomba. Zote ni qing, zikitofautiana kwa toni tu au hata zikilingana kabisa. Kipande kimoja kinadokeza sauti, kingine maana. Mfundishe mtoto kuvitafuta vipande hivyo mapema, hata kabla ya kumwongezea herufi mpya.

Na kamusi?

Pleco. Kamusi yake ya msingi ni ya bure na hufanya kazi bila bando. Maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto aandike maana ya Kiswahili mwenyewe kwenye kadi za Anki. Anki, programu ya kujikumbusha kwa kadi, ni bure kwenye kompyuta, na AnkiDroid ni bure kwenye simu za Android; ya iPhone huuzwa. Msipakue kadi elfu tano za watu wengine. Tano alizotengeneza mwenyewe leo zitamfaa zaidi.

Nimeona tovuti ya Taiwan yenye mafunzo mazuri ya mwandiko. Tuitumie?

Ya Wizara ya Elimu ya Taiwan ni nzuri na ni ya bure, lakini inafundisha herufi za jadi, na mfuatano wa baadhi ya herufi, kama 必, hutofautiana na wa China bara. Kama mtoto anajiandaa kwa HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, abaki kwanza na herufi zilizorahisishwa za China bara.