Rominga Usiyoiomba Kandokando ya Mto Ruvuma

Mtumiaji wa simu aliye Msimbati au Kilambo, mkoani Mtwara, anaweza kupokea ujumbe wa kumkaribisha Msumbiji ilhali hajavuka mto. Simu yake imejiunga na mtandao wa ng'ambo, naye huenda akatozwa gharama za rominga, yaani kutumia laini ya nchi yako kwenye mtandao wa nchi nyingine.

Kwa nini hutokea

Mawimbi ya redio hayatambui mpaka. Penye maji mapana na ardhi tambarare, kama maingilio ya Ruvuma, hakuna mlima wa kuyazuia. Simu ikipoteza mtandao wa nyumbani, hutafuta mwingine. Kila laini hubeba namba ya nchi iliyopangwa kimataifa: Tanzania ni 640, Msumbiji ni 643. Mtandao wa ng'ambo ukisoma 640 hukutambua kuwa mgeni, nao hukupokea iwapo kampuni hizo mbili zina mkataba.

Nani hupanga masafa

Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), lililoanzishwa mwaka 1865, husimamia Kanuni za Redio. Nchi wanachama huzirekebisha katika mkutano wa kila baada ya miaka mitatu au minne. Ule wa mwaka 2023 ulifanyika Dubai. Nchini, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo hutoa leseni za masafa.

Kanuni hizo hukataza mitambo ya nchi moja kuvuruga mawasiliano halali ya nchi nyingine. Hata hivyo, hazizuii kila wimbi kuvuka mto. Kwa hiyo, tahadhari ya mtumiaji mwenyewe haina mbadala.

Hatua za kuchukua

1. Zima rominga ya data kwenye mipangilio ya simu.
2. Chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Ukisafiri nje ya nchi, rejesha mpangilio wa awali.
3. Tazama jina la mtandao kwenye kioo kabla ya kupiga.
4. Ukitozwa isivyo haki, hifadhi ujumbe, andika tarehe, saa na mahali, kisha ulalamike kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika, fikisha lalamiko TCRA.

Jipime

Je, simu yako sasa inachagua mtandao yenyewe? Je, rominga ya data imezimwa?