MVUA ZA VULI NA HEWA YA BAHARINI

Wakulima wa Tarime na Serengeti huuliza: Mbona vuli ya mwaka mmoja hufurika, na ya mwaka mwingine hukauka mahindi yakiwa bado machanga? Sababu moja kubwa iko mbali na mashamba yetu, katika Bahari ya Hindi.

Hewa ina uzito. Penye maji ya bahari yenye joto, hewa huwa nyepesi na kupanda. Ikifika juu hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Penye maji baridi hewa huwa nzito, hushuka, na mvua huwa chache. Tena upepo hutoka penye hewa nzito kwenda penye hewa nyepesi.

Miaka mingi joto kubwa huwa mashariki ya bahari hiyo, karibu na Indonesia. Lakini miaka mingine mambo hugeuka: maji ya huko hupoa, na ya upande wetu hupata joto. Ndipo pepo hutuletea unyevu mwingi Oktoba hadi Desemba. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Kufika 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ikawa hivyo tena 1997 na 2019. Mwaka 2022 joto lilizidi mashariki, na vuli ikawa haba sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Basi mkulima afanye nini?

1. Kabla ya vuli, sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

2. Ikitabiriwa mvua nyingi, zibua mifereji na tengeneza matuta ya kukinga mteremko, hasa katika milima ya Tarime. Tayarisha pa kukaushia mavuno, yasije yakaoza ghalani.

3. Ikitabiriwa mvua haba, usitegemee mahindi peke yake. Panda mtama na mihogo, na mahindi yakomaayo upesi. Wala usiuze akiba yote ya chakula.

Utabiri si ahadi. Ziwa na milima nayo huleta mvua zake, kijiji kimoja kikapata na jirani yake kikakosa. Kwa hiyo kila mwaka panda mazao zaidi ya moja. Angojaye kuona mawingu ndipo atafute mbegu, amekwisha kuchelewa.