Somo la Mwezi: Mfalme, Rais na Siku Zetu za Kazi

Ndugu wafanyakazi wa saruji na wa chai,

Tunapowapima viongozi, mara nyingi tunahesabu vita walivyoshinda na majengo waliyoacha. Leo tutumie kipimo chetu wenyewe: walitutoza siku ngapi za kazi bila ujira, na faida yake aliila nani?

Rusizi yetu zamani ilikuwa sehemu ya Kinyaga, mbali na makao ya wafalme. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri ndiye aliyeikaza mkononi. Alipigana hadi ng'ambo ya Ziwa Kivu, na alikufa mwaka 1895 akiwa katika vita na Bushi. Ushujaa huo bado unasimuliwa. Lakini ni katika utawala wake machifu wa Mwami walipoleta Kinyaga uburetwa. Mkulima alilipia ardhi aliyokaa kwa kumfanyia chifu kazi: kulima, kujenga ua, kulinda boma usiku. Mzigo huo waliubeba walioitwa Wahutu, Watutsi hawakuguswa. Hapo ndipo majina hayo yalipoanza kuchoma.

Wabelgiji walipotawala hawakuufuta upesi. Waliuzidisha: kwanza ukoo ulikuwa ukitoa mtu, sasa kila mwanamume alidaiwa peke yake. Ulikomeshwa mwaka 1949.

Rais Juvénal Habyarimana alianzisha umuganda mwaka 1974. Jembe lile lile, na ujira hakuna vile vile. Ila tofauti ipo, tena si ndogo: hata wenye vyeo walitakiwa kutoka, na kazi ilikuwa barabara, shule na mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, si shamba la chifu. Hata hivyo haikuwa hiari. Na desturi ya kutii mwito ina hatari yake. Mwaka 1994, waliopanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliwatoa watu vilimani kwa njia zile zile za umuganda, na kuua wakakuita "kazi". Neno letu sisi, ndugu!

Umuganda wa siku hizi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na baada ya jembe watu hukaa mkutanoni.

Maswali ya kujadili tawini: Kazi ya bure ikiitishwa, nani huchagua ifanyike wapi? Mkutanoni, wewe husema au husikiliza tu? Na wazee wenu walisimulia nini juu ya uburetwa?