Usilidharau jua unapokwenda kutazama matao ya mawe

IKIWA una jamaa anayeishi Marekani, huenda siku moja akakualika mwende kupiga kambi katika mbuga ya Arches, jimbo la Utah. Huko kuna zaidi ya matao 2,000 ya mawe mekundu, yaliyochongwa na maji na barafu kwa miaka mingi sana. Watu hulala katika mahema, na kunapokucha hutembea kwa miguu kwenda kuyatazama.

Ni matembezi mazuri kwa afya. Lakini mahali hapo ni jangwa, na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi. Mgeni kutoka Nairobi huweza kujiambia, "Mimi ni Mwafrika, jua nimelizoea." Kosa huanzia hapo.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya wastani. Mwili huzoea joto kali pale tu unapoishi ndani yake, na huchukua wiki moja hadi mbili. Rangi ya ngozi haisaidii katika jambo hili.

Njia iendayo kwenye tao mashuhuri la Delicate Arch ina urefu wa kilomita 4.8 kwenda na kurudi. Kwa aliyezoea kwenda kazini kwa miguu, huo si mwendo. Hata hivyo, njia hiyo hupanda mita 146, sehemu kubwa juu ya mwamba mtupu usio na kivuli, na mwamba huo hurudisha joto la jua mwilini.

<b>Joto linavyoudhuru mwili</b>

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Katika hewa kavu ya jangwani, jasho hukauka mara tu litokapo, kwa hivyo mtu hudhani hatoi jasho na hana haja ya kunywa maji. Huku nyuma, maji na chumvi vinapungua.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kubanwa na misuli, na mkojo mchache wa rangi iliyokolea. Mgonjwa apumzishwe kivulini, alegezwe nguo na anyweshwe maji kidogo kidogo.

Dalili hizo zikipuuzwa, joto la mwili huweza kufika nyuzi 40 au zaidi. Mgonjwa huanza kuropokwa, kupepesuka, au huzirai. Ngozi huwa moto, ikiwa kavu au hata yenye jasho. Hii ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji na kumpepea bila kukoma, mkimwekea vitambaa vilivyoloweshwa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyezirai asinyweshwe chochote, maana maji huweza kuingia mapafuni. Nambari ya dharura nchini Marekani ni 911, lakini simu hazishiki kila mahali mbugani. Kwa sababu hiyo, asiwepo mtu wa kutembea peke yake.

<b>Jinsi ya kujikinga</b>

Kila mtu awe na lita nne za maji kwa siku. Yanywe kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Pia usinywe maji matupu kupita kiasi huku hujala kitu, kwani chumvi iliyomo katika damu huweza kupungua mno na kuleta maradhi. Beba njugu, ndizi na vitafunio vyenye chumvi. Ukikosa pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa.

Anza safari alfajiri na uwe umerudi kabla ya saa nne asubuhi. Vaa kofia pana, shati la mikono mirefu na viatu visivyoteleza. Pombe ya jana usiku hupunguza maji mwilini, kwa hivyo iache. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazoongeza mkojo, wazungumze na daktari kabla ya safari. Watoto na wazee waangaliwe kwa makini zaidi.

Bebeni pia nguo nzito, kwani tofauti ya joto kati ya mchana na usiku huweza kupita nyuzi 20. Mkisikia radi, shukeni haraka kutoka kwenye miamba iliyo wazi.

Mwisho, jiwekee saa ya kurudi. Maji yakifika nusu kabla hujafika kwenye tao, geuka urudi. Tao utalikuta kesho asubuhi, ukiwa mzima.