Shahada mbili, ziwa moja

Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na maji yakaingia Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda mpakani mwa Kongo. Maelfu ya watu wakahama. Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu, na alikwenda huko pamoja na wenzake wawili wakiwa na kamba ya kupimia na daftari. Walitaka kujua maji yamepanda kiasi gani.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoa magodoro nje aliwatazama wakipima ukuta wa nyumba yake, kisha akawaita na kuwaonyesha shina la mwembe. "Wanangu," akasema, "miaka ile ya uhuru maji yalifika hapa. Ila hapakuwa na nyumba, ndiyo maana hakuna aliyeandika."

Vipimo walivyopewa darasani vilikuwa vya miaka michache tu. Mzee alikuwa na vya miaka sitini, na alisema kweli: mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha Ziwa Tanganyika hadi kilele chake mwaka 1964. Ukirudi nyuma zaidi unakuta habari nyingine. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alifika Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, upande wa Kongo. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa mchanga na mimea. Kabla ya mwaka 1880 kizuizi hicho kilikuwa kimebomoka, na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Habari hizo zimo katika vitabu vya wasafiri na kwenye makabati ya nyaraka. Katika kitabu cha haidroliki hazimo.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la shahada ya pili. Mhandisi anaweza kukokotoa nguvu ya maji juu ya ukuta. Lakini kwa nini ukuta ulijengwa pale? Nani aliuza kile kiwanja, na kwa nini mnunuzi alikubali, ilhali sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ufukweni mwa Tanganyika ziachwe wazi? Maswali hayo yanahitaji historia, sheria na elimu ya jamii. Mtu anaweza kuyasoma juujuu akiwa nyumbani, ndiyo, lakini mwandishi huyu alitaka kufundishwa, kusahihishwa na kutahiniwa kama alivyotahiniwa kwenye hesabu.

Ushauri wa kwanza unatoka hapo. Anayefikiria shahada mbili aandike kwanza, kwa sentensi moja, swali ambalo fani moja haiwezi kulijibu. Asipolipata, abaki na shahada moja na aisome vizuri. Bujumbura ina vijana wengi wanaokusanya vyeti kwa sababu kazi hazipo. Hofu hiyo inaeleweka, ila haitoshi kumbeba mtu miaka saba.

Watu pia huchanganya mambo mawili: fani mbili ndani ya shahada moja, na shahada mbili kamili. Mfano mzuri wa la kwanza ni Mrundi, Deogratias Niyizonkiza. Alikuwa akisomea udaktari vita vilipomkuta. Mwaka 1994 akafika New York bila Kiingereza, akafikisha mizigo ya maduka majumbani kwa watu, akalala Central Park. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Columbia na kusoma biokemia pamoja na falsafa. Mwandishi Tracy Kidder alisimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Leo kliniki aliyoianzisha Kigutu, kusini mwa Burundi, juu ya ziwa hilihili, inatibu watu. Falsafa na biokemia zilikaa ndani ya masomo ya shahada moja, na kazi ikafanyika. Kwa wasomaji wengi wa makala haya njia hiyo ndiyo inayofaa: ni fupi, ni nafuu, na akili inapata vyote viwili.

Shahada mbili kamili ni mzigo mwingine. Marekani ina mpango wa miaka mitatu na miwili: mwanafunzi anakaa miaka mitatu katika chuo kidogo cha sanaa na sayansi, anahamia shule ya uhandisi kwa miaka miwili, kisha anapewa vyeti viwili, kimoja kutoka kila chuo. Columbia inao mpango huo pamoja na vyuo shirika. Mjini Atlanta umeendeshwa tangu mwaka 1969, na vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi kama Morehouse na Spelman huwapeleka wanafunzi wao katika chuo cha teknolojia cha Georgia Tech. Shahada moja ya kawaida kule ni krediti 120 hivi. Mbili aghalabu hufika 150 au kupita.

Mwafrika mmoja anayetajwa katika habari hizi ni Patrick Awuah wa Ghana. Alisoma uhandisi na uchumi katika chuo cha Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi nyumbani na mwaka 2002 akafungua Chuo Kikuu cha Ashesi. Inafaa kuangalia alivyokijenga. Kila mwanafunzi wa Ashesi, hata wa kompyuta, anapita kwenye masomo ya msingi ya uandishi, maadili na jamii. Shahada za uhandisi zilipoanza hapo mwaka 2015, nazo zikawekwa juu ya msingi huo.

Njia ya Marekani, hata hivyo, ina kufuli kwa mwenye pasipoti ya Burundi. Amri ya rais wa nchi hiyo iliyoanza kutumika tarehe 9 Juni 2025 ilisimamisha viza kadhaa kwa Warundi, zikiwamo za wanafunzi. Kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza au fomu ya maombi, mtu aulize kwanza viza imefikia wapi. Na mlango huo ukifunguka, aulize swali ambalo wengi hulisahau: nani atalipa miaka miwili ya mwisho? Ufadhili wa chuo cha kwanza mara nyingi haukufuati unapohamia cha pili. Jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa wenye Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya darasani Bujumbura, kuna mlango mwingine. INSA ya Lyon, shule ya wahandisi, ilianzishwa mwaka 1957 na mwanafalsafa, Gaston Berger, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegali. Alitaka mhandisi afundishwe pia mambo ya mwanadamu, na hadi leo masomo hayo yamo ndani ya mafunzo yao. Chuo Kikuu cha Sorbonne kina mipango ya sayansi pamoja na falsafa, na sayansi pamoja na historia. Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973, na wanafunzi wake waliketi pia kwenye somo la lazima la maendeleo. Afrika Mashariki ililijua jambo hili zamani, na inasikitisha kwamba vyuo vingi vipya vya hapa vinawafundisha wahandisi kana kwamba daraja halina watu wa kulipita.

Mwandishi huyu hakwenda Lyon wala Ghana. Alibaki Bujumbura na kuunga shahada zake mwenyewe: mchana uhandisi katika chuo kimoja, jioni maendeleo ya jamii katika kingine. Vyuo vya hapa vinafuata mfumo wa BMD (shahada ya kwanza, masteri, udaktari) uliotoka Ulaya, ambao kawaida yake ni krediti 60 kwa mwaka. Kwa kipimo cha Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, ukihesabu darasani na nyumbani. Chukua 25. Mwaka mmoja wa shahada moja ni saa 1,500. Shahada mbili kwa pamoja ni saa 3,000, yaani zaidi ya saa nane kila siku, bila Jumapili, bila Krismasi, bila Idi. Unaweza kufanya hivyo kwa miezi mitatu. Baada ya hapo mwili unadai chake.

Kwa hiyo alizipishanisha. Krediti 300 za uhandisi hadi masteri na 180 za shahada ya pili ni saa 12,000. Kwa miaka saba, ni kama saa 33 kwa wiki, na hizo zinabebeka. Miaka mitatu ya mwanzo alisoma uhandisi peke yake, kwa sababu masomo yake yameshikana kama mnyororo: bila kalkulasi hakuna mekanika, bila mekanika hakuna mekanika ya viowevu, bila hiyo haidrolojia haifunguki. Ukianguka kwenye pete moja unapoteza mwaka. Masomo ya jamii yana uhuru zaidi. Somo la historia ya maziwa makuu linaweza kusubiri muhula mmoja bila kuharibu la sosholojia. Basi yasiyosubiri yatangulie.

Masomo ya jamii yanasubiri, lakini si mepesi. Hapo wahandisi wengi hujidanganya. Insha yake ya kwanza ya jioni ilirudi imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika kurasa sita za vichwa vidogo na vitone, kama ripoti ya zege, na mwalimu akauliza pembeni: hoja iko wapi? Ilimchukua mwaka mzima kujifunza kushika wazo moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Faida yake ilionekana mchana, kwenye ripoti za kitivo cha uhandisi, ambako wenzake walikuwa na namba sahihi na maelezo yasiyoeleweka.

Kulikuwa na mambo ya mjini pia. Petroli inapokosekana, foleni za vituo vya mafuta huzunguka mitaa na mabasi hupotea barabarani. Aliyekosa basi saa kumi na moja jioni anafika darasani nusu ya somo imekwisha. Alihamia kwa shangazi yake, mtaa wa Bwiza, ili vyuo vyote viwili vifikike kwa miguu, na kati ya maamuzi yote ya miaka ile huo ndio uliomsaidia kuliko mwingine. Umeme ulipokatika alisoma kwa taa ya sola. Minervali ya jioni, yaani ada, aliilipa kwa kuchora ramani za nyumba na kufundisha hesabu watoto wa mtaa wa Buyenzi siku za Jumamosi, katika chumba nyuma ya gereji, nyundo za mafundi zikilia nje.

Aliumia mara moja, na vibaya. Ratiba ya mitihani ya chuo kimoja ilibadilishwa wiki ya mwisho, mitihani miwili ikaangukia asubuhi moja, na hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kutoa taarifa ya kusoma sehemu mbili. Alichagua uhandisi, na somo la jioni likarudiwa mwaka uliofuata. Tangu hapo kila mwanzo wa muhula alipeleka barua kwa ofisi zote mbili za taaluma, akaomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Na kabla ya kujisajili mara ya pili, mtu asome kanuni za vyuo vyote viwili: kuna vyuo ambavyo havimruhusu mwanafunzi wa kutwa kujiandikisha kwingine, na kugundua hilo mwaka wa mwisho ni msiba.

Muhuri una kazi nyingine. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kwa vitendo, anayetaka krediti zake zitambuliwe Nairobi au Kampala ataulizwa alisoma nini hasa, wiki kwa wiki. Hati ya alama yenye jina la somo tu haitoshi. Tunza muhtasari wa kila somo ukiwa na saini na muhuri, na utafute tafsiri rasmi ya Kiingereza mapema.

Mwisho kuna tasnifu mbili, na hapa panahitaji uaminifu. Alichagua mahali pamoja kwa zote: ufukwe wa Gatumba. Ya uhandisi ilihusu kimo cha maji na njia za kuyatoa. Ya jamii ilihusu jinsi watu walivyopata viwanja pale na walivyoamua kubaki au kuhama. Vipimo vya shambani vilitumika pande zote mbili, lakini hakuna aya iliyonakiliwa kutoka tasnifu moja kwenda nyingine, na wasimamizi wote wawili walijua kwa maandishi tangu siku ya kwanza.

Katika utetezi wa kwanza aliulizwa juu ya mteremko wa mifereji. Katika wa pili, mwalimu mmoja aliuliza: familia inayohamishwa kutoka Gatumba itavua samaki wapi? Swali hilo halikuwa na jibu kwenye tasnifu yoyote kati ya hizo mbili.

Alirudi kwa mzee akiwa na kifaa cha kupimia usawa wa ardhi. Mjukuu alishika rula ndefu kwenye shina la mwembe, mzee akaonyesha kwa kidole mahali penyewe, akasahihisha, akashusha kidogo. Kwenye daftari, upande wa kushoto ikaandikwa namba. Upande wa kulia ikaandikwa jina la mzee, mwaka aliozaliwa, na alikuwa amesimama wapi siku ile alipoyaona maji.