Wajapani Walivyojifunza Kuvuta Hariri

Katika somo letu la leo tutazame jinsi nchi moja ilivyojifunza ufundi kwa nchi nyingine. Nchi hiyo ni Japani.

Wakulima wa Japani walifuga viwavi wa hariri tangu zamani. Kiwavi hula majani ya mforosadi, kisha hujizungushia uzi mpaka akajifunika mwili mzima. Kifuko hicho hutiwa katika maji ya moto, uzi ukalegea, ukavutwa. Kina mama walifanya kazi hiyo nyumbani, kwa mikono. Basi bandari zilipofunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje mwaka 1859, hariri ikatakiwa sana Ulaya. Watu wakafanya haraka haraka, uzi ukatoka mnene hapa, mwembamba pale. Wanunuzi wakalalamika. Hili halikuwa jambo dogo, maana hariri ndiyo iliyoiletea nchi fedha nyingi za kigeni.

Serikali ikamwajiri Mfaransa, Paul Brunat, kwa mshahara mkubwa mno. Mwaka 1872 kiwanda kikafunguliwa mahali paitwapo Tomioka. Mashine zilitoka Ufaransa, lakini zilirekebishwa kwanza zilingane na kimo cha wanawake wa Kijapani.

Wafanyakazi wakakosekana! Watu waliwaona Wafaransa wakinywa mvinyo mwekundu, wakasema ni damu za watu. Mkuu wa kiwanda, Odaka Atsutada, akamleta binti yake mwenyewe, Yu, awe wa kwanza. Ndipo wengine wakaja.

Tuangalie vizuri hapa. Wasichana wale hawakuletwa ili wabaki Tomioka tu. Walitoka mikoa mbalimbali, na wengi walirudi kwao kufundisha wenzao. Mmoja wao, Wada Ei, aliingia mwaka 1873, na mwaka uliofuata akarudi kwao Matsushiro kufundisha katika kiwanda kipya. Ilipofika mwaka 1876, Wafaransa wote walikuwa wameondoka, na kazi iliendelea.

Lakini mashine za chuma zilikuwa ghali. Watu wa Suwa, wilaya yenye milima, hawakuwa na fedha hizo. Mwaka 1875 walitengeneza mashine za namna yao: fremu za mbao badala ya chuma, mabeseni ya udongo wa kuchoma, na gurudumu la kuzungushwa na maji ya mto. Hazikuwa na sura nzuri kama za Tomioka, lakini uzi ulitoka sawasawa, na fundi wa hapo hapo aliweza kuzitengeneza zikiharibika. Mashine hizi ndizo zilizoenea. Miaka ya 1900 na kitu, Japani ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza hariri nje.

Tusisifu kila kitu, lakini. Katika viwanda vya Suwa wasichana walikuja kufanyishwa kazi saa nyingi sana kwa ujira mdogo.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini watu wa Suwa hawakununua mashine za Ufaransa?
2. Ni kazi gani hapa kijijini tuliyojifunza kwa watu wa mahali pengine? Tulibadili nini?