Kabla Kesi Haijaondolewa, Soma Hati

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma usiku, asubuhi nikaurudia. Mmeelewana na chuo, wakili ataomba shauri liondolewe, na wenzako bwenini wameshaanza: "Si tulikwambia, chuo hakishtakiwi?" Nawe unajiona umeshindwa. Hapana.

Chike Uzuegbunam alikuwa mwanafunzi wa Georgia Gwinnett College, Marekani. Mwaka 2016 alikuwa akieleza imani yake nje ya maktaba, chuo kikamzuia. Aliposhtaki, chuo kilibadilisha kanuni, kisha kikaiambia mahakama kwamba hakuna tena cha kuamua. Mahakama mbili zikakubali. Kijana akang'ang'ania fidia, hata ikiwa dola moja, ili itambulike kwamba haki yake ilivunjwa. Machi 2021 Mahakama ya Juu ikamkubalia, majaji 8 dhidi ya 1. Mwaka uliofuata wakapatana, chuo kikakubali kulipa zaidi ya dola 800,000, gharama za mawakili zikiwemo. Safari yote ile iliishia kwenye maridhiano. Nani atamwambia alishindwa?

Hofu yangu mimi iko kwenye hati. Niliwahi kukaa na binti mmoja kwenye benchi nje ya mahakama, bahasha ya kaki mapajani, kidole amekituliza kwenye mstari mmoja: chuo kitatoa matokeo yake "kwa wakati muafaka". Alikuwa ameshasaini, na matokeo hayajatoka. Muafaka kwa nani, jamani? Wewe dai tarehe. Kama ni pesa, iandikwe ni kiasi gani na italipwa lini. Kama ni kufuta adhabu, iandikwe kwamba haitaonekana kwenye rekodi zako.

Halafu muulize wakili swali hili: tunaondoa tu shauri, au tunaomba makubaliano yarekodiwe? Hapa kwetu Tanzania, Amri ya 23 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai haina huruma: ukiliondoa bila mahakama kukupa ruhusa ya kufungua upya, kwa madai yaleyale hurudi tena. Lakini makubaliano yakirekodiwa yanakuwa tuzo ya mahakama, na chuo kikikaidi unaomba kukazia hukumu, huanzi moja.

Kesi yako inatajwa lini? Kama ni wiki hii, mpigie wakili leo, usisaini kwa kuona haya, halafu niandikie amekujibu nini.